Nimelipa arbuni ya safari ya picha Himalaya, na sasa moyo unasita

Bi Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Lamu na mkazi wa Mombasa, na riziki yangu naipata kwa kupiga picha za harusi upande wa wanawake. Usiku wa kupamba, mabuibui yanapovuliwa na simu za wageni zikiwa zimekusanywa mlangoni, mara nyingi kamera yangu ndiyo pekee inayoruhusiwa ukumbini. Picha zile simpi mtu mwingine ila mama wa bibi harusi, na nikishamkabidhi nakala yake nazifuta zangu mbele ya macho yake. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mmoja.

Kwa miaka mitatu nimeweka akiba ili nifanye safari moja ya kupiga picha isiyohusu harusi. Nilichagua matembezi ya siku 14 yanayoongozwa na mpiga picha mzoefu katika jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India. Tutaanzia Manali, tuvuke kwenda bonde la Spiti wanakoishi Wabudha, kisha tuteremke Kinnaur, ambako mahekalu ya Wahindu na nyumba za ibada za Wabudha hukaa kijiji kimoja. Nimekwisha kulipa arbuni, ambayo ni theluthi ya gharama yote. Baki inatakiwa mwezi ujao, na safari ni Septemba.

Wiki mbili zilizopita kiongozi wetu alizungumza nasi kwa video. Alitufundisha mambo mengi ya manufaa kuhusu mwanga na lenzi, lakini matatu kati ya aliyoyasema yamenikosesha usingizi. Alisema amepatana na watu fulani wamletee watawa wadogo, watoto wa miaka minane au tisa, waketi dirishani penye mwanga huku ubani ukifukizwa, nasi tutapewa saa nzima ya kuwapiga picha. Alisema pia kwamba kwa wazee wa vijijini tutumie lenzi ndefu tukiwa mbali, kwa sababu mtu akijua kwamba anapigwa picha sura yake hubadilika. Mwenzetu mmoja alipouliza kuhusu wenyeji wasiopenda kupigwa picha, alijibiwa kwamba wamezoea.

Neno hilo limenirudisha utotoni. Nilipokuwa na miaka tisa, mtalii mmoja alisimama mbele ya mlango wetu uliokuwa wazi, akampiga picha bibi yangu aliyekuwa ameketi ndani kichwa wazi, akisukwa nywele. Baada ya miaka miwili mjomba aliikuta picha hiyo kwenye kadi ya posta, ikiuzwa dukani. Bibi hakupiga kelele. Aliamuru mlango ufungwe, na tangu siku ile hadi alipofariki mlango wetu haukuachwa wazi tena mchana. Bila shaka mtalii yule naye aliamini kwamba sisi wa Lamu tumezoea.

Mume wangu asema najitaabisha bure, kwamba fedha zimekwisha kutoka na kwamba picha si dhambi. Nakuomba uniambie, Bi Mshauri, je, niende, au kwa kwenda nitakuwa nimesimama pale aliposimama mtu yule?

Nina mengine mawili madogo. Sijawahi kulala mahali pa juu kuliko Wundanyi, huko milima ya Taita, na mtoto wa dada yangu ana ugonjwa wa selimundu. Ratiba inaonyesha kwamba tutalala Manali usiku mmoja tu, na usiku wa pili tutalala hemani karibu na ziwa Chandratal. Mwandalizi asema wengi huumwa kichwa kidogo, kisha hupita. Na je, mimi Mwislamu nifanye nini wenzangu wakiingia hekaluni?

Ni mimi, mpiga picha wa Mombasa

—

Marahaba, mwanangu.

Nenda, lakini usiende kwa ratiba hiyo, wala kwa masharti ya kiongozi huyo kama alivyoyaeleza. Umeliweka suala la afya mwishoni na kuliita dogo. Mimi naanza nalo, kwa sababu picha mbaya unaweza kuifuta, ila usiku mmoja wa Chandratal unaweza kukuua.

Mombasa iko usawa wa bahari. Manali iko mita 2,050 hivi, na Chandratal iko zaidi ya mita 4,200, mahali ambapo kila pumzi unayovuta hukupa kama sehemu tatu tu kati ya tano za oksijeni unayoipata nyumbani. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike usiku mmoja bila kupanda. Ratiba yako inapanda zaidi ya mita 2,000 kati ya usiku mmoja na wa pili. Zamani ugumu wa barabara uliwachelewesha watu kidogo, lakini tangu Oktoba 2020 ilipofunguliwa njia ya chini ya mlima iitwayo Atal, yenye urefu wa kilomita 9, gari hutoka Manali na kufika upande wa pili upesi mno, na mwili haujapata habari. Mimi mwenyewe niliwahi kupitishwa njia hiyo nikiwa siku ya tatu tu tangu nitoke Delhi. Usiku wa kwanza huko juu nililala nimeketi, kichwa kikigonga kama kinu, na mwongozaji wetu alikuwa akiniambia maneno hayo hayo, kwamba hupita. Hayakupita mpaka niliposhushwa.

Dawa ya jambo hili imo katika safari hiyo hiyo, ukiigeuza ianzie ilikopangwa kuishia. Muombe mwandalizi muanzie Shimla, iliyoko mita 2,200 hivi, mlale Sarahan, kisha Sangla penye mita 2,700, kisha Kalpa penye mita 2,960 kwa usiku miwili. Kutoka Kalpa mpite Nako mchana bila kulala, mteremke mpaka Tabo, mita 3,280, ndipo mfike Kaza, mita 3,650. Mkiwa Kaza mpande mchana kwenda Key, Langza au Komic, vilivyo juu ya mita 4,000, na jioni mrudi kulala Kaza. Njia ya mlimani ya Kunzum, yenye mita 4,551, mtaivuka siku za mwisho, mwili ukiwa umekwisha kuzoea, mkiteremka kwenda Manali. Vijiji ni vile vile na siku ni zile zile. Wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro humwambia kila mgeni aende polepole, na hawasemi hivyo kwa kumbembeleza, bali kwa sababu wameshuhudia wenye haraka wakibebwa kwenye machela.

Kuhusu selimundu, nenda hospitali wiki hii ukapimwe aina ya himoglobini yako, kwa maana dada yako bila shaka anabeba kinasaba cha ugonjwa huo, nawe huenda unakibeba bila kujua. Wabebaji wengi hupanda milima na kurudi salama, lakini baadhi yao, wakifika juu sana, bandama hukosa damu na huwapata maumivu makali ya ubavu wa kushoto ambayo mtu asiyejua atayadhani ni tumbo tu. Mweleze daktari kimo utakacholala. Huenda akakuandikia asetazolamidi, dawa inayousaidia mwili kuzoea kimo, nayo ni ya jamii ya salfa. Kwa hiyo kama uliwahi kutoka malengelenge au kuvimba kwa dawa ya malaria yenye salfa, mwambie kabla hajaiandika. Ukiwa huko juu, ukisikia kichwa kinauma pamoja na kichefuchefu, usipande hata hatua moja. Ukimwona mtu anayumba akitembea, au anasema maneno yasiyoeleweka, au anahema ilhali amepumzika, ashushwe saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Hakikisha bima yako inataja kimo cha mita 5,000, kwa sababu bima nyingi za kawaida haziendi huko.

Sasa nije kwenye kamera, ambayo ndiyo iliyokufanya uniandikie.

Umeuliza kama utasimama pale aliposimama mtu yule. Mtu yule hakuwa na kosa la kuwa mgeni, wala la kuwa na kamera, wala la kuuona uzuri wa mwanamke anayesukwa nywele. Alikosa kwa kuwa hakupiga hodi. Sisi tumelelewa kwamba hodi hupigwa mara tatu, na asipopatikana wa kukukaribisha mara ya tatu unageuka na kwenda zako, hata kama mlango u wazi na mwenyewe unamwona. Lenzi ndefu ni njia ya kuingia nyumbani kwa mtu bila kupiga hodi. Wewe unalijua jambo hilo kuliko kiongozi wako, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja umeaminiwa ndani ya kumbi ambazo hata baba wa bibi harusi haingii. Hujasahau ustadi huo kwa kupanda ndege.

Kiongozi anaposema kwamba mtu akijua anapigwa picha sura yake hubadilika, asema kweli, ila hajangoja vya kutosha. Hata bibi harusi hukakamaa katika dakika kumi za kwanza, kisha anakusahau, na hapo ndipo picha zako nzuri zote zilipotoka. Katika vijiji vya Spiti mwezi wa Septemba watu wako katika mavuno na kukusanya majani na kuni za majira ya baridi, na mgeni anayesema “jule”, ndiyo salamu yao ya bonde lile, akakubali chai, akaketi, atapewa nafasi ya kupiga picha ambayo mwenye lenzi ndefu barabarani hataipata. Gharama yake ni saa mbili kwa nyumba moja. Msafara unaopangwa vijiji vitano kwa siku hauna saa mbili, na hapo ndipo ninapoona ubaya wa haraka ile ile iliyotaka kukulaza Chandratal usiku wa pili.

Kuhusu watoto, sitaki kukuzungusha. Usishiriki. Mtoto wa miaka minane katika nyumba ya watawa kama Key ametolewa na wazazi wake ili asome, naye yuko chini ya walimu. Akiitwa akae dirishani kwa saa nzima mbele ya wageni kumi wenye kamera, hawezi kusema hapana, na aliyelipwa huenda si nyumba ya watawa hata kidogo, maana wewe mwenyewe umeandika kwamba amepatana na “watu fulani”. Najua utaambiwa kwamba fedha hizo husaidia, na ni kweli kwamba majengo yale ya udongo na mawe yanahitaji ukarabati wa mara kwa mara. Basi tia sadaka yako sandukuni, au lala katika vyumba vya wageni pale ambapo watawa wenyewe wanavikodisha, na fedha itafika bila kununua saa ya mtoto. Kama mwalimu wao atakuruhusu kuwapiga picha wakicheza uani baada ya masomo, nawe umemuomba mwenyewe na kumweleza picha zitakwenda wapi, hilo ni jambo jingine kabisa. Muulize kama angependa nyuso zao zionekane mtandaoni. Nawe humuuliza mama wa bibi harusi hivyo hivyo.

Kinnaur inahitaji uangalifu wa namna nyingine. Huko kila kijiji kina mungu wake, devta, ambaye hubebwa mabegani katika kiti kilichopambwa kwa vitambaa na nyuso za madini, naye huulizwa maswali kupitia mtu anayepandwa naye. Usimmulike mtu huyo kwa flashi wakati amepandwa. Wewe ni mtu wa pwani, umewahi kuona ngoma za pepo au umesimuliwa, na unajua kwamba anayepandwa si mchezo wa jukwaani. Muulize msimamizi wa hekalu kwanza. Septemba pia ni wakati wa sikukuu ya Fulaich, kila kijiji kwa tarehe yake, ambapo maua huletwa kutoka milimani na familia huwakumbuka wafu wao. Katika uwanja mmoja utakuta wanaocheza ngoma na wanaolia. Wanaocheza watafurahi ukiwapiga picha, lakini wanaolia waache.

Jambo moja ambalo wapiga picha wengi hawaambiwi ni kwamba katika mahekalu mengi ya Wahindu huko milimani ngozi haiingii, na ngozi hiyo ni pamoja na ukanda wa kamera, mkoba na mshipi wako. Nunua ukanda wa nailoni kabla hujaondoka. Katika hekalu la Bhimakali pale Sarahan huacha ngozi na kamera nje, na kichwa hufunikwa; ushungi wako utakutosheleza. Jengo lenyewe, kwa mbao za mwerezi na mawe yaliyopangwa tabaka kwa tabaka, utalipiga picha ukiwa uani, na mwanga wa alfajiri hapo ni wa kukumbukwa. Kwa hiyo swali lako la kuingia hekaluni lina nafuu yake. Kuangalia na kujifunza ni jambo moja, kuabudu ni jingine, na mipaka yake kamuulize sheikh unayemwamini, kwa sababu mimi si mwanachuoni. Ukichagua kubaki uani, hakuna mwenyeji atakayechukia, na kama mnazunguka stupa, yaani mnara wa ibada wa Wabudha, au ukuta wa mawe yaliyochongwa dua, pita ukiuacha upande wa mkono wako wa kulia, kama wapitavyo wao, kwa heshima tu.

Kisha kuna Tabo. Nyumba hiyo ya watawa ilianzishwa mwaka 996, na kuta zake za ndani zina michoro ya miaka elfu moja hivi, pamoja na sanamu za udongo zinazotokeza ukutani kuzunguka ukumbi mzima. Ndani ni giza, mwanga unaingia kwa tundu la darini, na kupiga picha hakuruhusiwi. Misafara ya picha hupita hapo kwa dakika ishirini, kwa sababu hapana cha kupiga. Nakusihi ukae nusu siku. Jicho huhitaji kama robo saa kabla ya kuanza kuziona rangi, kwanza nyekundu, kisha samawati, na baada ya hapo sura moja moja zinajitokeza. Katika safari yangu yote sina picha hata moja ya ukumbi ule, na ndio mahali ninapopakumbuka kwa undani kuliko pote.

Mengine ni mepesi. Betri hufa kwa baridi, kwa hiyo lala nazo ndani ya nguo. Vumbi la Spiti ni jembamba kama unga, usibadilishe lenzi barabarani. Mgeni asiye raia wa India anahitaji kibali maalumu cha sehemu ya barabara iliyo karibu na mpaka wa Tibet, kati ya Reckong Peo na Tabo, nacho hutolewa Shimla, Reckong Peo au Kaza. Muulize mwandalizi nani anakishughulikia. Droni usichukue, kwa maana India imepiga marufuku kuziingiza nchini tangu mwaka 2022.

Kuhusu mume wako, usigombane naye. Asema kweli kwamba fedha imetoka, ila iliyotoka ni theluthi moja. Muonyeshe vimo vya ratiba ile kwa tarakimu, Manali, kisha Chandratal, na umwambie kuhusu mtoto wa dada yako. Nadhani ataacha kuliita jambo hilo kujitaabisha.

Mwandikie mwandalizi leo, kwa maandishi, ukimpa siku saba. Uliza kama ataigeuza njia ianzie Shimla. Kama saa ile ya watoto inaweza kuondolewa, au wewe uruhusiwe kubaki nje bila kusemwa. Nani anayelipwa kwa ajili yake. Na kama yumo katika msafara mwenyeji wa Spiti au Kinnaur anayeijua lugha ya watu na anayeweza kukupigia hodi. Mwandalizi mwema atajibu haya yote, na wapo wanaojua thamani yake. Asipojibu, au akikuambia tena kwamba wamezoea, iache arbuni ipotee. Katika miji ya Shimla na Kaza kuna waongozaji wenyeji wanaokodishwa pamoja na gari, na kwa theluthi mbili zilizobaki mkononi mwako, ukipata wenzako wawili au watatu wa kuchangia gari, unaweza kuipita njia ile ile kwa mwendo wako.

Na utakaowapiga picha, andika majina yao na ya vijiji vyao kwenye daftari, uzichapishe picha ukirudi Mombasa, umtumie mwongozaji awafikishie, kama unavyofikisha albamu za harusi. Uniandikie ukishapata majibu ya damu.